Sahihi ya Verlene

Katika ripoti zote za shule za Denitra Tarpley, tangu darasa la kwanza hadi la kumi, mzazi aliyetia sahihi alikuwa mmoja: Verlene Tarpley. Herufi zake zilikuwa za mviringo, zimeinama kidogo kushoto, na mwaka hata mwaka hazikubadilika. Walimu walizizoea. Hakuna aliyeuliza kwa nini mama huyo hakuonekana hata siku moja kwenye mkutano wa wazazi. Katika kaunti ile ya Alabama, kati ya mabwawa ya kambare na mashamba ya pamba yaliyogeuzwa malisho, watoto waliolelewa na bibi zao hawakuwa na idadi. Ilijulikana kwamba mama zao wako Cleveland, au Detroit, au Chicago, na ilijulikana pia kwamba jambo hilo haliulizwi.

Mwenye mkono ule alikuwa Ozella, mama yake Verlene. Alianza kuandika jina la binti yake siku Denitra alipoandikishwa shule, kwa sababu karani alisukuma fomu mbele yake akasema, "Hapa mama," na Ozella hakuona sababu ya kuacha pengo. Angeweza kwenda mahakamani akaomba awe mlezi wa kisheria. Mara mbili aliambiwa hivyo, mara ya kwanza na muuguzi wa chanjo, mara ya pili na mwalimu mkuu. Mara zote mbili aliitikia kwa kichwa na asiende. Kwenda kungekuwa kusimama mbele ya jaji na kutamka kwamba Verlene si mama tena, na Ozella hakuwa na ulimi wa kulitamka hilo. Mtu aliyetoka kwa muda hafutwi jina mlangoni. Verlene alikuwa ametoka kwa muda. Muda wenyewe, kiangazi kile cha mwaka 1996, ulikuwa umefika miaka kumi na minne.

Ozella alikuwa na miaka sitini. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kiwandani, amesimama ndani ya buti za mpira kwenye sakafu isiyokauka, kisu mkononi, akichuna kambare na kutoa minofu, samaki baada ya samaki. Vidole vyake vilikuwa vimepinda na havikunyooka hata siku za mapumziko. Jumapili alivificha ndani ya glavu nyeupe, kwa maana alikuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa la Kibaptisti lililo nyuma ya bwawa la tatu. Aliwapokea watu, akawaonyesha viti, akawapa akina mama vipepeo vya karatasi vya kujipepea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Waumini walimwogopa kidogo, na yeye hakuchukizwa na hilo.

Katika kanisa hilo hilo ndiko alikompoteza Verlene, ingawa ilimchukua miaka kuona kwamba alimpoteza siku ile na si siku alipopanda basi kuondoka.

Desturi ya wakati ule ilikuwa hivi. Msichana aliyepata mimba bila ndoa alivuliwa joho la kwaya, na hakurudishiwa mpaka asimame mbele ya waumini wote aombe radhi. Mvulana hakuitwa. Verlene alikuwa na miaka kumi na tisa, sauti yake ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo, na alimsihi mama yake kwamba aache kwaya tu, yaishe. Ozella alikataa. Alimshika kiwiko, akampitisha katikati ya viti hadi mbele, akasimama naye hatua moja nyuma. Verlene alisema maneno aliyotakiwa kusema. Mchungaji aliinua mkono, watu wakapiga makofi ya msamaha, na baadhi ya akina mama walilia. Ozella alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akiamini kwamba deni kwa Mungu na kwa watu limekwisha. Kanisa lilisamehe, lakini aliyesamehewa hakusahau. Verlene hakuimba tena, hata jikoni. Denitra alipotimiza miaka miwili, mama yake alipanda basi la kaskazini kwenda kutafuta kazi ya miezi sita.

Tangu hapo ilikuwa simu ya Krismasi, na miaka mingine simu ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto. Hata baba yake alipozikwa, Verlene alituma maua.

Jumamosi moja mwishoni mwa Julai, asubuhi, Ozella alikuwa barazani akimenya kunde. Denitra alitoka ndani na karatasi mkononi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwenye tabia ya kuuma upande mmoja wa mdomo anapofikiri.

"Bibi, kuna karatasi ya kutia sahihi."

"Ya bendi?"

"Si ya bendi."

Ozella aliisoma akiwa ameiweka mbali na macho, kama watu wa umri wake wanavyosoma. Ilitoka kliniki moja ya Montgomery. Ilisema kwamba kwa sheria ya jimbo, binti aliye chini ya miaka kumi na minane hatatolewa mimba bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi aliyewekwa na mahakama. Alipomaliza aliirudia kutoka juu.

Denitra alieleza yaliyobaki kwa haraka, kama mtu aliyeyakariri. Wiki ya saba. Mvulana aliyepiga naye tarumbeta shuleni alikuwa amekwenda kwa baba yake Mobile na hapokei simu. Yeye anataka kumaliza shule, kisha chuo cha uuguzi, na amekwisha amua.

"Wewe weka tu jina la mama," alisema. "Kama siku zote."

"Hii si ya shule."

"Jina si ni lile lile?"

"Jina ni lile lile. Lakini soma hapa chini. Wanataka kitambulisho, na mtu mwenye mhuri wa kuthibitisha aone uso wa anayetia sahihi. Uso huu si wa Verlene."

"Basi weka la kwako. Wewe ndiye uliyenilea."

"La kwangu hawalitaki," Ozella alisema, na kwa mara ya kwanza alilisikia jambo hilo lilivyo.

Siku tatu zilipita. Jambo lenyewe halikuwa dogo, na Ozella hakulifanya dogo. Alifundishwa tangu utotoni kwamba uhai si mali ya mtu, na aliamini hivyo. Alimwambia Denitra kwamba mtoto akija atalelewa. Nyumba ipo, mikono ipo, haitakuwa mara ya kwanza. Denitra hakupandisha sauti. Alimjibu, "Utamlea kama ulivyonilea mimi. Na mimi nitakwenda Cleveland." Ozella aliondoka pale mezani, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya nne alisema neno lake. Hakubaliani naye, na hatajifanya anakubaliana. Lakini alikwisha kumshika mtoto mmoja kiwiko akamwongoza alikotaka yeye, na hatamshika wa pili. Denitra atajibu mwenyewe mbele ya Mungu, kama kila mtu. Yeye bibi kazi yake ni kuhakikisha kwamba hajibu akiwa peke yake.

Hayo yalikuwa maneno mema, na alipoyasema aliyamaanisha. Ubaya uliingia saa moja baadaye, kwa mlango mdogo.

Denitra alimwomba apige simu kliniki kwa niaba yake, kwa kuwa yeye aliona haya kuulizauliza. Muuguzi aliyepokea alieleza vizuri. Njia ni mbili, alisema. Ya kwanza, mama asaini fomu. Si lazima afike. Kama yuko mbali, aende popote penye mtu wa mhuri huko aliko, asaini, aitie kwenye bahasha, na kwa siku nne tano itakuwa imefika. Ya pili, binti aende kwa jaji bila mzazi, apewe wakili wa bure, na jaji aamue. Aliongeza kwamba daktari wao hapokei mtu baada ya wiki ya kumi na mbili. Kuanzia hapo ni safari ya Atlanta, na mambo huwa mazito zaidi.

Ozella alishukuru, akaweka simu, akaketi. Kisha alipiga Cleveland.

Verlene alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni aliuliza mtoto anaendeleaje, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeuliza habari za jirani.

"Sheria inataka mkono wako," Ozella alimwambia. "Wangu haufai kitu."

"Nitaandika, Mama. Nitaandika chochote."

"Lazima uje."

Ozella alisikia televisheni ya watu wengine upande wa pili.

"Lazima nije mwenyewe?"

"Lazima."

"Basi nitakuja."

Aliposema hivyo, Ozella alimwambia kwamba Jumapili ya tatu ya Agosti ni Jumapili ya Marejeo, siku ambayo watoto wote wa kanisa walio mbali hurudi nyumbani. Aje siku hiyo, watu wamwone, na Jumatatu watakwenda Montgomery. Alipoweka simu alijawa na furaha. Ndiyo, ilikuwa furaha. Mjukuu wake alikuwa chumbani na taabu yake, na yeye alisimama katikati ya sebule akiwaza shuka gani atandike.

Alimwambia Denitra kwamba mama yake anakuja. Kuhusu jaji alisema kwa kifupi kwamba njia hiyo ipo, lakini kwa nini kumweleza mgeni mambo ya ndani wakati mama yuko hai na yuko njiani? Kuhusu bahasha hakusema kitu.

Denitra alihesabu vidole. "Jumapili ya tatu nitakuwa kwenye wiki ya kumi."

"Kumi ni chini ya kumi na mbili."

"Najua kuhesabu, Bibi."

Wiki zile tatu Ozella alikuwa mtu mwingine. Alipaka rangi chumba cha nyuma. Alifua mapazia. Kiwandani, Tempie Rudolph, aliyesimama naye meza moja miaka kumi na minane na ambaye mdomo wake haukupumzika kama kisu chake, alimwona akitabasamu peke yake juu ya kambare.

"Dada Ozella, umepata bwana?"

"Verlene anakuja kwenye Marejeo."

Tempie alichuna samaki mzima kabla ya kujibu. "Verlene yule? Sista, huyo unamngoja kama watu wanaongoja treni kwenye stesheni iliyokwisha fungwa. Wameng'oa hata reli, wewe bado umevaa kofia."

Meza nzima ilicheka. Ozella naye alicheka, jambo lililowashangaza zaidi. Tempie hakujua kwa nini Verlene anakuja, na Ozella hakumwambia. Alijisemea kwamba anamsitiri mtoto. Ukweli ni kwamba alikuwa hamwazi mtoto. Asubuhi Denitra alipokuwa akitapika bafuni, Ozella alimpelekea maji na mkate mkavu, akamshika paji la uso, na moyoni akahesabu siku zilizobaki kabla ya basi kufika. Kutamani mtu arudi si dhambi. Lakini kila mtu wa mabwawa anajua kwamba kambare havutwi kwa maneno, havutwi ila kwa chambo, na Ozella alikwisha kukitia chambo chake majini.

Jumapili ya Marejeo alisimama mlangoni kwa glavu zake nyeupe. Magari yalikuja yenye namba za Ohio, Michigan na Illinois. Wanaume waliotoka wembamba walirudi na matumbo. Wanawake walishuka na kofia pana na watoto wasiojua kusema "naam". Ozella aliwakaribisha wote, akiangalia juu ya mabega yao. Nyumbani alikuwa ameacha sukumawiki aliyoipika kwa mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, kuku, mkate wa mahindi, na pai mbili za viazi vitamu, kwa sababu Verlene alikuwa na desturi ya kumaliza moja peke yake. Wimbo wa kwanza ulianza. Wa pili. Mchungaji aliwaita waliotoka mbali wasimame wapigiwe makofi, na walisimama safu kwa safu. Denitra alikaa kiti cha nyuma akiuma upande wa mdomo. Hakugeuka kuangalia mlango hata mara moja.

Simu ililia Jumapili ile ile jioni, jua bado liko juu. Verlene alisema kazini walimkatalia ruhusa dakika ya mwisho. Jumamosi ijayo, bila kukosa. Ozella alimwambia hakuna neno, chakula kitakaa, chumba kipo.

"Amesema Jumamosi," alimwambia Denitra.

"Nimesikia."

"Itakuwa kumi na moja tu."

Denitra alimtazama bibi yake kwa muda, kama mtu anayeangalia kitu anachokijua akaona kina upande mwingine. Jumanne alirudi kutoka shuleni, maana muhula ulikuwa umeanza, akaweka mkoba chini na kusema akiwa amesimama.

"Nimempigia wakili. Kaunti ya jirani, ili watu wasijue. Alhamisi saa tatu asubuhi. Unaweza kuja au kuacha."

"Mama yako anakuja Jumamosi."

"Bibi, yule mtu haji."

Ozella alifungua mdomo amkemee, kwa maana hivyo sivyo mtoto anavyomwita mama yake. Kemeo halikutoka. Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akavaa nguo yake ya buluu, akaendesha gari.

Jaji hakuwapokea katika ukumbi wa mahakama. Aliwapokea ofisini, mlango umefungwa. Alikuwa mzungu wa makamo mwenye mafua, na ukutani alikuwa na picha za mbwa wake wa kuwindia. Wakili, Bi Haskew, mwanamke mdogo aliyebeba mafaili mengi kuliko uwezo wa mikono yake, aliketi kando ya Denitra. Jaji alieleza kwamba sheria inamtaka aamue moja kati ya mawili: kama binti huyu amepevuka kiasi cha kujiamulia mwenyewe, au kama jambo hili lina manufaa kwake. Kisha aliuliza maswali mengi. Alama zake za shule. Anajua nini kuhusu hatari zake. Amefikiria kumzaa na kumpa watu wengine. Anafanya nini pesa zikimwishia. Denitra alijibu moja moja, mikono imefumbatana, na kila baada ya jibu alisema "Mheshimiwa".

"Kuna mtu aliyekushurutisha?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuna aliyenishurutisha. Wameningojesha tu."

Jaji alipenga kamasi, akageuza karatasi. Hapo ndipo lilipokuja alilokuwa nalo moyoni. Anaona hapa, alisema, kwamba mama wa binti yuko hai. Anajulikana aliko. Ana simu. Tena ameridhia kwa mdomo. Njia hii ya jaji iliwekwa kwa binti asiyeweza kwenda kwa mzazi; huyu anaweza. Yeye hapendi kumruka mama aliye tayari. Anafikiria kuahirisha kwa siku kumi, mama huyo aandikiwe rasmi.

Bi Haskew alisema haraka kwamba siku kumi zitampitisha binti wiki ya kumi na mbili.

"Basi nielezwe," jaji alisema, na sasa alimtazama Ozella. "Wiki tatu mama anajua, na yuko tayari. Fomu iko wapi?"

Ozella angeweza kusema kwamba Verlene ni mtu wa ahadi nyingi. Lingekuwa neno la kweli, lingetosha, na hakuna ambaye angelipinga. Alitazama mikono yake. Alikuwa amesahau glavu nyumbani, na vidole vilikuwa wazi mapajani, vimepinda kama vilivyo.

"Fomu ingekwisha fika, Mheshimiwa," alisema. "Kliniki waliniambia siku ya kwanza kwamba inaweza kuja kwa posta. Binti yangu aliniuliza kama ni lazima aje mwenyewe. Nikamwambia lazima."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aje."

Jibu hilo halikutosha, ikambidi aendelee. Alisema kwamba miaka kumi na minne amemngoja binti huyo. Alisema alimwita mahali ambapo yeye mwenyewe, mama mtu, alimsimamisha akaaibishwa mbele ya watu, na alijua hivyo wakati anamwita, na bado alimwita. "Huyu mtoto hakuwa na kosa katika kungoja huko," alisema. "Kungoja ni kwangu. Verlene amemzaa, sina la kusema. Lakini tangu ana miaka miwili hajampikia uji. Kama unatafuta mama wa kumwandikia barua, utamwandikia mtu ambaye mtoto huyu hamjui kwa sura. Hilo nilipaswa kulisema mahakamani zamani, nikaona uchungu. Nalisema leo."

Hakumtazama Denitra. Hakuhitaji. Aliona kwa pembe ya jicho kwamba mtoto amemgeukia, kisha ameangalia mbele tena.

Jaji aliandika kwa muda. Alisema amewaona watu wengi wakisema uongo katika kiti kile ili wafaidike, na wachache wakisema kweli kwa hasara yao. Halafu akamgeukia Denitra, akasema anaona amepevuka, na akaweka mhuri.

Njiani kurudi Denitra aliangalia nje, mabwawa yakipita moja baada ya jingine, ndege weupe kwenye kingo zake. Walipofika kwenye sanduku la posta alisema, "Jumatatu utanipeleka Montgomery. Lakini usiniambie kitu njiani." Ozella alisema sawa. Alisubiri aitwe Bibi mwishoni mwa sentensi, kama desturi. Hakuitwa.

Jumamosi hiyo, siku ya ahadi, hakuja mtu, na Ozella hakutoka barazani kuangalia barabara. Jumatatu alimpeleka Denitra, akakaa kwenye chumba cha kungojea akiwa na mkoba mapajani, kati ya mama mmoja aliyekuwa akisali na mwingine aliyekuwa akisoma gazeti la mapishi. Naye alisali. Hakujua aombe nini, kwa hiyo aliomba msamaha, akaona kwamba orodha yake inatosha. Walirudi bila neno. Jumanne Denitra alilala; alikula supu kidogo, akasema "asante" kwa hewa. Jumatano hivyo hivyo, chupa ya maji ya moto tumboni, mlango umefungwa nusu.

Jumatano mchana simu ililia. Ozella alikuwa jikoni.

"Mama, safari hii nimekata tikiti kabisa," Verlene alisema. "Jumamosi—"

"Hakuna haja, Verlene. Limekwisha. Tulikwenda kwa jaji."

Alisikia binti yake akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo, na ilimuuma. Alingoja maumivu yapungue kidogo ndipo akasema lililobaki. "Na hukuhitajika kuja. Ungeweza kutuma kwa posta. Nilikudanganya."

Verlene naye alikuwa na lake.

"Nilifika Birmingham," alisema. "Jumapili ile ya Marejeo. Kazini hawakunikatalia kitu. Nilivaa vizuri, nikafika mpaka stendi ya Birmingham, nikakaa kwa saa nne. Basi la kuja huko likaja, likaondoka. Nilikuwa naona tu mlango wa kanisa, na wewe umesimama pale na glavu zako."

Ozella alishika ukingo wa meza. Birmingham. Mwendo wa saa mbili kwa gari. Angejua, angeacha watu mlangoni, angeacha chakula motoni, angekwenda kwa miguu.

"Nisingekushika kiwiko," alisema.

"Najua, Mama. Sasa najua." Sauti ya Verlene ilibadilika, ikawa ya chini, ikawa karibu ile ya zamani, kabla ya Cleveland, kabla ya joho la kwaya. "Kuna jambo nimetaka kukwambia miaka yote hii. Nilikuwa nalipanga pale stendi, namna ya kuanza. Siku ile uliponipeleka mbele—"

"Bibi."

Ilitoka chumbani, haikuwa ya nguvu. Ozella aligeuza kichwa.

"Bibi, njoo."

"Verlene," Ozella alisema, "mtoto ananiita."

"Subiri kidogo, Mama. Kidogo tu. Nikiacha sasa sijui kama nitaweza tena."

Alimwamini. Alijua kwamba huenda ni kweli, kwamba maneno mengine yana siku moja tu ya kusemwa, na kwamba hayo ndiyo aliyoyangoja tangu basi lilipoondoka. Alisimama pale na simu sikioni kwa muda wa pumzi moja.

Kisha akaiweka chini, akaenda kwa mtoto.